Pangani kwa Mkanda Uliokwisha Muda

Tarehe iliyochapwa ubavuni mwa boksi ilikuwa Juni 2005. Ndani mlikuwa na mikanda ya slaidi za rangi, Kodak Elite Chrome 100, bado imo kwenye vikopo vyake vya plastiki, na chini kabisa mkanda mmoja wa Kodachrome uliokuwa mkongwe kuliko yote. Aliyenipa ni jirani wa mama yangu pale Ngamiani, Tanga, bwana shamba mstaafu aliyezunguka vijiji vingi akiwaonyesha wakulima picha za maradhi ya mahindi na wadudu wa mkonge. Jioni alikuwa akitundika shuka jeupe ukutani mwa shule, anawasha jenereta, projekta ya Carousel inaanza kuzungusha slaidi, na watoto wanajipenyeza mbele kutazama jani lenye kutu likijaa ukuta mzima. Alipostaafu, mikanda iliyobaki ilikaa kabatini, katika chumba ambacho ukuta wake wa magharibi hupigwa na jua tangu saa nane mchana hadi linapozama.

"Chukua, mwanangu," aliniambia. "Kama imekufa, basi ife kazini."

Niliamua kazi hiyo ikafanyike Pangani. Kutoka Tanga mjini ni kama kilomita hamsini kwa njia ya pwani, na njiani kuna kila kitu ambacho mkanda uliochoka ungeweza kujaribiwa nacho: mawe ya kale, mashamba ya mkonge, mto wenye maji ya udongo, mchanga mweupe unaoumiza macho. Kuna na watu, na hao ndio walionifanya niandike makala hii.

Waliozaliwa baada ya studio za mitaani kufungwa pengine hawajawahi kushika slaidi, kwa hiyo nieleze kidogo. Mkanda tuliozoea kuupeleka studio ulitoa negetivu, na negetivu ni njia tu ya kuifikia picha. Fundi aliyesafisha picha aliweza kuongeza mwanga, kupunguza wekundu, kumsitiri mpigaji. Slaidi haina fursa hiyo. Ule utepe uliokuwa ndani ya kamera, uliopigwa na mwanga uliotoka usoni mwa mtu, ndio huohuo unaosafishwa, unaokatwa, unaotiwa kwenye fremu ndogo na kushikwa mkononi. Ulikuwapo pale. Ukiuharibu, hakuna kitu nyuma yake cha kurudia. Kwa sababu hiyo wapiga picha wa magazeti na wa vitabu waliuheshimu kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyohiyo mimi naupenda hadi leo.

Katika unene usiofikia wa unywele, mkanda wa rangi una tabaka kuu tatu: moja huhisi mwanga wa bluu, moja wa kijani, moja wa nyekundu. Dawa zikishafanya kazi yake, tabaka hizo huzaa rangi za njano, majenta na sayani, na mchanganyiko wa hizo tatu ndio tunaouona kama anga, jani au shavu. Shida ni kwamba joto na unyevu havizizeeshi zote kwa mwendo mmoja. Moja hudhoofika mapema, nyingine hustahimili, na ulinganifu uliopangwa kiwandani kwa uangalifu mkubwa unavunjika. Zaidi ya hapo, chembe za chumvi ya fedha ambazo hazijawahi kuonja mwanga huanza kujibu dawa kana kwamba ziliuonja. Mafundi huita hali hiyo ukungu. Kwenye negetivu ukungu huongeza giza, na fundi hulipenya kwa mwanga mwingi. Kwenye slaidi mambo yamegeuzwa: ukungu unakula weusi. Kivuli kilichopaswa kuwa cheusi kinakuwa cha kijivu, au kinapata rangi ya tabaka iliyobaki na nguvu. Wakati huohuo mkanda umepoteza wepesi wake wa kuhisi mwanga, kwa hiyo sehemu nyeupe nazo zinafifia. Picha inabanwa pande zote mbili.

Kuna kanuni ambayo wapiga picha hupeana, kwamba mkanda uliokwisha muda uongezewe mwanga stopu moja, yaani mwanga maradufu, kwa kila miaka kumi. Kwa negetivu kanuni hiyo inasaidia. Kwa slaidi inaweza kuwa hasara, maana slaidi haina uvumilivu. Mwanga ukizidi kidogo tu, mawingu na mashati meupe yanabaki plastiki tupu isiyo na kitu ndani yake, na weusi ambao tayari ni dhaifu unazidi kupauka. Nilikiweka kipima mwanga kwenye 64 badala ya 100, nyongeza ndogo kuliko ile inayotakiwa na kanuni, nikaondoka na kamera ya zamani isiyohitaji betri kufyatua, lenzi moja ya milimita 50, na mikanda ikiwa imefungwa kwenye taulo lenye unyevunyevu ndani ya mfuko wa plastiki. Joto la kabatini lilikuwa limeshaila vya kutosha. Sikutaka la njiani liongezee.

Kituo cha kwanza kilikuwa Tongoni, kilomita zipatazo 17 kusini mwa Tanga. Ukiiacha barabara kuu unaingia kwenye njia ya mchanga, minazi inafunguka, na mbele yako kuna msikiti ulioporomoka na makaburi zaidi ya ishirini ya zama za miji ya Waswahili, mengine yakiwa na nguzo za mawe. Nyingi ya nguzo hizo zimeanguka. Kwenye zilizobaki bado unaona mashimo ya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kutoka ng'ambo. Matumbawe na chokaa vina rangi ambayo haielezeki haraka: si nyeupe, si kijivu, na saa tatu asubuhi inakuwa na joto kidogo ndani yake. Nilizipiga nguzo hizo bila wasiwasi wowote. Jiwe ambalo limepokea mvua za masika kwa mamia ya miaka halidai kitu kwa mkanda uliokaa kabatini. Kama lingetoka na rangi ya waridi, hakuna ambaye angekuwa amevunjiwa heshima.

Baada ya hapo mkonge. Wenye historia ya zao hili wanajua kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na kati ya miche elfu moja ilifika hai 62 tu. Kutoka hiyo michache yakaenea mashamba yaliyoilisha Tanga na kuinyonya kwa miongo mingi. Kuelekea Kigombe mistari yake bado inakimbia mpaka macho yanachoka. Kijani chake kina bluu kidogo, kama vumbi la ukungu wa asubuhi lililogandia jani. Nilipiga mistari hiyo nikiwa nimesimama juu ya kalvati, jua likiwa mgongoni, f/16 kwa moja ya sitini ya sekunde, nikiwa na hamu kubwa ya kujua mkanda wa bwana shamba ungesema nini juu ya jani alilolihudumia maisha yake yote.

Pangani penyewe niliingia adhuhuri. Mji umelala kando ya mto unaoleta maji kutoka Kilimanjaro na Meru, na pale unapokutana na bahari maji ya udongo na maji ya chumvi yanasukumana waziwazi. Kivuko kilikuwa kikienda na kurudi kati ya mji na Bweni ng'ambo ya pili: bodaboda, magunia ya mkaa, baiskeli za mihogo, walimu, mbuzi. Nyumba za zamani za ukingo wa mto zimechakaa vibaya; milango ya kuchonga mingine imeuzwa, mingine imepigiliwa mbao.

Pangani imezoea kuandikwa kama mji wa jana. Mgeni akiwasili husimuliwa misafara ya pembe za ndovu, watumwa waliopakiwa majahazini, na Abushiri bin Salim aliyenyongwa hapa na Wajerumani Desemba 1889. Yote ni kweli na yanastahili kukumbukwa. Lakini mtu akiongeza juu yake mkanda uliochujuka, mji unafukiwa mara ya pili. Kijana anayechaji simu kwa paneli ya sola juu ya bati, msichana wa kidato cha nne na mkoba wake mgongoni, fundi anayechomea geti: wote wanatoka wakifanana na watu wa miaka ya 1970. Wanaopenda mikanda ya namna hii husema hilo ndilo wanalolitafuta, ile hali ya kumbukumbu. Mimi nauliza, kumbukumbu ya nani? Yule msichana ana mtihani mwezi wa kumi na moja. Hajawa kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kwa hiyo siku hiyo nilipiga kuta, milango, kamba za nanga, matumbo ya mashua zilizopinduliwa zikipakwa sifa. Watu niliwaacha.

Karibu na gati kuna mama anayekaanga vibua. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikila, kamera iko mezani, naye akaitazama kwa muda kabla hajasema neno.

"Hiyo ni ya mkanda?"

"Ndiyo, mama. Ya mkanda."

"Siku nyingi sijaiona. Mbona wapiga nyumba tu, watu huwapigi?"

Nilimweleza ukweli: kwamba mkanda umeisha muda miaka mingi, umekaa kwenye joto, na rangi zake haziaminiki. Akageuza samaki kwenye karai, akafuta mikono kwenye kanga.

"Rangi gani itakayoharibika," akauliza, "ya kanga au ya kwangu?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kupita hilo juu ya kazi hii, na nikamjibu kwamba huenda zote mbili.

Swali lake lina historia ndefu. Tangu miaka ya 1950 maabara za Kodak zilipelekewa picha za kupimia rangi zenye mwanamke mweupe aliyevaa vizuri. Ya kwanza ilimwonyesha mfanyakazi wa kampuni aliyeitwa Shirley, na jina hilo likabaki hata wanawake wengine walipochukua nafasi yake. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa mizani. Ikitoka sawa, mashine imepangwa sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyeichunguza habari hiyo kwa kina, alionyesha kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautishwi vizuri kwenye picha. Chokoleti na mbao zilisikilizwa. Mama zetu na walimu wetu, waliotoka kwenye picha za harusi wakiwa macho na meno tu, walidhani kosa ni la mpigaji wa mtaani kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard alikwenda Msumbiji kwa mwaliko wa serikali, akakataa kutumia Kodachrome. Husimuliwa kwamba aliiita ya kibaguzi. Hapo baadaye Kodak walipotoa mikanda iliyoona vizuri zaidi rangi za giza, waliisifu kwamba inaweza kunasa hata maungo ya farasi mweusi kwenye mwanga hafifu.

Sentensi hiyo ya farasi ndiyo iliyochukuliwa kuwa jina la kazi ya wapiga picha Adam Broomberg na Oliver Chanarin mwaka 2012. Walikwenda Gabon kupiga picha za mila za kuingizwa katika dini ya Bwiti, na makusudi wakabeba mikanda ya Kodak ya zamani iliyokwisha muda, wakitaka kuifanya itoe ushahidi dhidi ya historia yake yenyewe. Katika yote waliyopiga, waliweza kuokoa fremu moja tu. Jina la picha hiyo ni kama lebo ya kopo: Ektachrome 34, mwaka 1978, fremu ya 4. Naiheshimu hoja yao. Hata hivyo kila nikiikumbuka nawawaza watu wa kule msituni waliosimama mbele ya kamera iliyokuwa imeshajua kwamba karibu haitawaona.

Jirani zaidi na sisi ni kazi ya mpiga picha Richard Mosse kule Kivu, mashariki mwa Kongo. Kuanzia mwaka 2010 alitumia Aerochrome, mkanda wa slaidi unaohisi mwanga usioonekana kwa macho, ambao Kodak waliutengeneza kwa ajili ya kupiga picha kutoka angani na kuwafichua wanajeshi waliojificha kwenye majani. Uzalishaji wake ulikomeshwa mwaka 2009, kwa hiyo alikuwa akitumia akiba ya mwisho. Majani mabichi hurudisha mwanga huo kwa wingi, na mkanda huugeuza kuwa mwekundu na waridi. Ndiyo maana vilima vya Kivu katika picha zake vimewaka waridi, na katikati yake wamesimama vijana wenye bunduki na akina mama wenye mizigo, watu wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Kazi yake ya video, The Enclave, ilionyeshwa Venice mwaka 2013. Nimezitazama picha hizo mara nyingi na zimenigusa. Zimewafanya watu wa mbali waitazame vita waliyokuwa wamezoea kuipuuza. Lakini sijawahi kuacha kujiuliza mama mmojawapo wa wale angesema nini kama angepewa picha mkononi na kuona mlima wa kwao una rangi ya peremende.

Hayo yote nilimwambia yule mama kwa maneno machache, pale kwenye benchi, naye alisikiliza huku akiwahudumia wateja. Mwishowe akajitengeneza kanga vizuri kichwani.

"Mimi nipige," akasema. "Lakini uje unionyeshe ulichonifanya."

Nikampiga. Nyuma yake mto, mbele karai, moshi kidogo, kanga ya bluu yenye maua meupe.

Kesho yake alfajiri nilichukua mashua kwenda Maziwe. Ni kipande cha mchanga baharini, mbele ya Ushongo, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, wakati bado kilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje na kasa wengi waliopanda kutaga. Mmomonyoko ukaila miti, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti tena. Siku hizi bahari ikijaa Maziwe haipo. Yakitoka maji, inarudi. Nahodha aliyenipeleka alizaliwa baada ya mti wa mwisho kuanguka, ila anajua kutoka kwa baba yake mahali mivinje ilipokuwa, akaninyooshea mkono kwenye maji matupu. Mchanga pale ni mweupe kiasi kwamba kipima mwanga kinadanganyika. Kikiachwa kiamue, kitaufanya kijivu. Nilikidharau, nikafuata kanuni ya jua kali, nikabana lenzi mpaka f/22. Niliutumia mkanda mzima kwa kile kisiwa bila kuona haya. Mahali panapotoweka kila siku mbele ya macho ya watu panaweza kubeba rangi zinazotoweka.

Kusafisha nilifanya mwenyewe Dar es Salaam. Mashine za studio zetu nyingi zilikuwa za negetivu, dawa yake ni C-41. Slaidi inataka E-6, mfumo wa dawa ambao Kodak waliutoa katikati ya miaka ya 1970 na ambao unaweza kuufanya jikoni ukiwa na subira. Dawa ya kwanza ndiyo inayoamua yote. Inatakiwa nyuzi 38 za sentigredi, dakika kama sita, na kukosea nusu nyuzi tu kunaonekana. Hapa pwani tuna nafuu ambayo wenzetu wa nchi za baridi hawana, maana maji ya bomba msimu wa joto yanakaribia nyuzi 30 yenyewe, na beseni linapandishwa kidogo tu kwa maji ya birika. Dawa hiyo hutengeneza kwanza picha ya kinyume, ya fedha, nyeusi na nyeupe. Kisha kinachobaki, yaani kile ambacho mwanga haukukigusa, kinageuzwa na kupewa rangi, na mwisho fedha yote inaoshwa. Nilianza na kipande kifupi nilichokikata mwanzoni mwa mkanda wa kuta. Kilipotoka nilikiinua dirishani kingali kinachuruzika maji. Picha ilikuwapo.

Ilikuwapo, lakini zambarau ilikuwa imeingia kila penye kivuli. Ndani ya milango ya Pangani, ambako macho yangu yaliona giza, palikuwa na rangi ya zabibu iliyokamuliwa. Anga ilikuwa nzito na tulivu, nzuri kwa kweli, rangi ambayo mkanda mpya haungeweza kunipa. Nguzo za Tongoni zilitoka na waridi hafifu, na chembechembe zake zikafanya jiwe lionekane kama linapumua. Maziwe ilikuwa mstari mmoja wa krimu kati ya bluu mbili, na nimeitazama picha hiyo kuliko zote. Mkonge ulikuwa wa majivu.

Nilipita Tanga kumwonyesha mzee. Alizitandaza slaidi kwenye kioo cha dirisha, akachukua kioo chake cha kukuzia, kilekile alichotumia kutazamia madoa ya kutu kwenye majani, akazipitia moja moja kimya. Kwenye mkonge akasimama.

"Hili jani," akasema, "ningemwonyesha mkulima, angekwenda kung'oa shamba zima."

Hakusema kwa kulaumu. Alisimama, akaleta sanduku la slaidi zake mwenyewe, akaanza kunifundisha kama alivyowafundisha wakulima. Zile alizopiga kwa Kodachrome miaka ya 1970 zilikuwa na rangi imara mpaka leo: udongo mwekundu wa Muheza, njano ya jani lililokosa naitrojeni. Za Ektachrome za miaka ileile zilikuwa zimekwenda wekundu, bluu na kijani vikiwa vimetoroka. Kodachrome haikuwa na malighafi ya rangi ndani ya mkanda. Rangi ilitiwa wakati wa kusafisha, ndiyo maana ikitunzwa gizani hudumu sana. Ila usafishaji huo ulikuwa mgumu na wa viwandani, na maabara ya mwisho duniani kuufanya, Dwayne's Photo ya mji mdogo wa Parsons, Kansas, ilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Ule mkanda mmoja uliokuwa chini ya boksi hauna tena dawa ya kuupa rangi. Ungeweza kusafishwa kwa nyeusi na nyeupe tu. Nilimrudishia.

Kilichobaki kwangu kutoka kwa mzee ni ile njano ya naitrojeni. Maisha yake yote ya kazi rangi ilikuwa ushahidi. Mkulima alitazama ukutani, akarudi shambani kwake, akalinganisha, akaamua kama atanunua mbolea au atangoja mvua. Kama ile njano ingekuwa imepotoka, familia ingekula hasara. Wapiga picha tunaozunguka na mikanda iliyochoka tukifurahia jinsi inavyotushangaza tunasahau kwamba slaidi ilipewa kazi nzito namna hiyo hapahapa kwetu, vijijini, kwenye shuka.

Slaidi ya mama wa vibua niliitia kwenye fremu ya plastiki, nikaipeleka Pangani ndani ya bahasha. Aliishika kwa ncha za vidole, akaielekeza angani kama nilivyomwonyesha, akafumba jicho moja. Kanga ilikuwa imekwenda urujuani. Mashavu yake yalikuwa na wekundu wa jioni ambao haukuwapo mchana ule, na moshi wa karai ulikuwa wa samawati. Yeye mwenyewe alikuwa ametulia vizuri, mkono mmoja kiunoni, anaangalia moja kwa moja kwenye lenzi. Ni picha nzuri. Nilimwambia hivyo.

"Nzuri, ndiyo," akasema. "Lakini kanga hii si ya kwangu, na ngozi hii si ya kwangu. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Akanisomea, nami nikaandika kwenye ukingo wa fremu kwa herufi ndogo: kanga bluu, maua meupe, ngozi maji ya kunde, moshi mweupe. Tangu siku hiyo kila slaidi ya mtu niliyoipiga kwa mkanda uliokwisha muda ina maandishi kama hayo, na maneno yanatoka kwa mwenye picha, kwa namna anavyotaka aelezwe. Asiyekubali kuandikiwa simpigi kwa mkanda huo. Na slaidi hukaa kwake, kwa kuwa hakuna nyingine. Mimi hubaki na nakala niliyoitoa kwa skana.

Kwenye begi nilikuwa na mkanda mpya wa Ektachrome E100, ule ambao Kodak waliurudisha sokoni mwaka 2018 baada ya kusitisha slaidi zao zote mwaka 2012. Bei yake inaumiza, na nilikuwa nimeutunza kwa safari nyingine. Nikautia kwenye kamera palepale. Mama akaniambia ningoje, akaingia ndani, akatoka na kanga ileile ya bluu, imefuliwa na kupigwa pasi, akamwagiza jirani amshikie mwiko. Nyuma yake mto ulikuwa unang'aa kwa jua la saa nne, mng'ao ambao ungekifanya kipima mwanga kimtie gizani. Nikasogea karibu mpaka kikaona shavu lake peke yake, nikasoma namba hapo, nikarudi nyuma hatua chache na kupiga.

"Hii nayo utaniletea," akasema, akarudi kwenye karai.